Hodi ya Nne

Jumatatu asubuhi figo ya pili mwaka huo iliharibikia ndani ya chungu ilimokuwa ikikuzwa, na kabla ya chai ya saa nne Bustani nzima ya Viungo ilikuwa imeshajua nani wa kulaumiwa. Hawakulaumiwa wavunaji. Hakulaumiwa mkurugenzi, maana mkurugenzi halaumiwi. Alilaumiwa Mjumbe.

Mjumbe hakuwa mtu. Alikuwa maktaba ya msimbo wa kompyuta, mistari elfu nne na ushei, mwenye kazi moja tu duniani: kulichukua swali kutoka kwenye mashine za Bustani, kulifikisha kwenye kanzidata, na kurudi na jibu. Sekela Mhema alimwandika akiwa na miaka ishirini na minne, msichana wa Njombe aliyejiona ameumaliza ulimwengu. Sasa alikuwa na arobaini na sita na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea.

Bwana Kaduma, mkurugenzi, alimwita ofisini na kumwonyesha tarakimu ukutani. Hakuwa mtu mbaya, Kaduma. Alikuwa mtu wa tarakimu, na ukimwondolea tarakimu alibaki hana la kusema. Alimkumbusha Sekela mambo ambayo hayakuhitaji kukumbushwa: kwamba figo ikishaiva ina dakika arobaini tu za kuonjeshwa tone la damu ya mwenyewe, tone linalotunzwa kwenye friji za Bustani tangu siku mgonjwa alipoandikishwa. Ikionjeshwa, hutulia na kumngoja mwenyewe hata siku tatu. Isipoonjeshwa, humkataa kila mtu, ikatupwa. Na hakuna mvunaji mwenye ruhusa ya kuonjesha mpaka Mjumbe arudi na jina la mwenye zamu.

Mwaka juzi Mjumbe alikuwa akirudi kwa sekunde kumi na moja. Jumatatu hiyo alirudi baada ya dakika arobaini na tano.

"Bi. Sekela, mtoto wako amezeeka," Kaduma alisema. "Ijumaa wanakuja wakaguzi. Alhamisi inaiva figo ya kundi O. Nataka jina kwa dakika moja."

Sekela aliitikia kwa kichwa tu. Hiyo figo ya Alhamisi aliijua kuliko Kaduma. Wiki iliyotangulia Mjumbe alikuwa ameshaleta jina la awali la mwenye zamu, na jina lenyewe lilikuwa Lutengano Mhema, mdogo wake, tumbo moja. Daktari alikuwa amempa Lutengano miezi miwili. Damu ya Sekela mwenyewe ilishapimwa mara tatu ikakataa, akalia mara tatu. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa Alhamisi.

*

Fundi yeyote wa kanzidata akiambiwa swali linachelewa, kwanza huitazama faharasa, ile orodha inayoiambia mashine jina fulani liko wapi bila kulazimika kupekua kila kitu. Sekela aliitazama. Ilikuwa nzima. Akawapigia simu watu wa minara, wakamwapia kwamba mtandao hauna neno. Hapo akavaa miwani ya kusomea akafungua kumbukumbu za safari, mahali Mjumbe anapoandika kila alipopita na muda alioutumia.

Daftari la Zamu, orodha ya wagonjwa wanaongoja viungo, halikuwa mahali pamoja. Hapo zamani kampuni moja ya ng'ambo ilishikilia majina ya wagonjwa wa nchi nzima kwenye seva zake, kisha siku moja ikayafungia, na watu wakafa majina yao yakiwa kifungoni. Tangu hapo sheria ilikataza. Kila kata ilijenga kijumba chake, na ndani yake ikaweka seva yake inayokula jua lake yenyewe, na watu wa kata wakatunza majina yao wenyewe. Mjumbe alipotaka kujua zamu ni ya nani alilazimika kuzunguka vijumba vyote sitini na viwili.

Hamsini na saba vilikuwa vimejibu mara moja. Vitano vilimla dakika tisa kila kimoja. Vyote vitano vilikuwa upande wa Lupembe, kwenye kata za ukunguni, ambako betri zilianza kuchoka mwaka uliopita. Jua likikosekana, kijumba husinzia ili kujihifadhi, na kikigongwa huchukua dakika kumi na moja kuamka.

Dakika tisa. Kwa nini tisa? Sekela aliushusha msimbo wake mwenyewe, mstari kwa mstari, kama mtu anayepekua sanduku la nguo za ujana wake, mpaka akafika mahali akasimama. Pale palikuwa na maelezo aliyoyaandika miaka ishirini na miwili iliyopita: *Hodi tatu. Asiyejibu, hayupo. Tusisumbue watu.*

Aliisikia sauti ya mama yao. Marehemu hakuwa na mchezo na hodi. Utabisha mara tatu, ukinyamaziwa utarudi ulikotoka, maana anayebisha mara ya nne ni askari au mwizi. Na mtu habishi milango miwili kwa wakati mmoja, huo ni uhuni. Sekela na wenzake vijana waliyaingiza yote mawili kwenye msimbo wakicheka. Mjumbe aende mlango kwa mlango, abishe, asubiri dakika tatu, abishe tena. Waliusifia sana mkutanoni, msimbo wenye adabu za kwetu. Kuna aliyepiga makofi.

Kwa miaka ishirini adabu ile haikumdhuru mtu, kwa sababu kila mlango ulijibu hodi ya kwanza.

Basi ugonjwa umejulikana, alijiambia, na mkono ukaanza kuandika dawa. Ukasita. Mjumbe akishabisha mara tatu, akaondoka, anarudi Bustani na jibu gani? Sekela alisogeza msimbo mistari sita chini. Mjumbe hakurudi akisema kwamba hakujibiwa. Alirudi akisema: *Hakuna mtu.*

Kwa mashine za Bustani maneno hayo yalikuwa na maana moja. Kata hiyo haina mgonjwa. Endelea na anayefuata.

Alikaa akiyatazama maneno yale mpaka chai yake ikapoa. Kisha akatengeneza Mjumbe wa pili, wa majaribio tu, akamwondolea haraka, akamtuma kwa pamoja kwenye vijumba vile vitano na swali moja: tangu betri zianze kusinzia, ni nani alistahili figo akarukwa? Akangoja dakika kumi na moja.

Yalirudi majina kumi na manne. Tisa kati yake yalikuwa na alama ambayo kata huiweka yenyewe, ikishamzika mtu wake. Watano walikuwa hai, wote kundi O, wote mbele ya Lutengano. Wa kwanza wao, ambaye figo ya Alhamisi ilikuwa yake kwa haki, aliitwa Festo Mlowe, miaka sitini na mmoja, fundi baiskeli.

Sekela alihesabu kwa vidole, mtu wa kompyuta mzima. Figo ya kundi O huiva moja kwa mwezi. Watano ni miezi mitano, na Lutengano ana miwili. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba yeye haui.

*

Jina la Festo Mlowe alishaliona mahali. Akalitafuta kwenye jalada la malalamiko, akakuta barua saba, kila moja imejibiwa kwa maneno yaleyale ya kikarani: tumeuliza Daftari, hakuna mtu mwenye jina hilo. Makarani nao walikuwa wakimtuma Mjumbe.

Barua tatu za mwanzo zilikuwa za kuomba. Ya nne haikuomba tena. "Ndugu wahusika," iliandikwa kwa mkono ulionyooka, "mmenijibu kwamba sipo. Nimemsomea mke wangu jibu lenu kwa sauti. Ameniuliza, kama hupo, nani basi amemaliza ugali? Naomba mnisaidie kumjibu." Ya sita ilikuwa na mistari miwili tu. "Jirani yangu Tulizo Mgaya, ambaye naye mlisema hayupo, tumemzika jana. Sasa mmesema kweli."

Sekela alilifunga jalada. Alikuwa na hasira na hakujua aielekeze wapi, maana kila alikoielekeza ilimrudia mwenyewe.

Jumanne mchana alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda katikati ya miche ya maparachichi, akibebesha tawi la mche mmoja kwenye shina la mwingine. Miguu ilikuwa imemvimba mpaka kandambili hazikuingia, lakini kisu kilikuwa bado na shabaha. Mkewe Oresta alimletea wifi yake kiti na uji, akasema mashuka mapya ya hospitali yameshapigwa pasi. Oresta aliyasema hayo akitabasamu, na Sekela akanywa uji bila kuusikia ladha.

Lutengano alizungumza juu ya Alhamisi kama mtu anayezungumzia mavuno. Akipona atachukua lile shamba la juu. Mtoto mkubwa ataingia sekondari, na yeye mwenyewe ndiye atakayempeleka, si mjomba wala jirani. Sekela alisubiri nafasi ya kusema, nafasi ikawa haiji, mwishowe akaitengeneza.

"Lute, kama ingetokea zamu ikawa ya mwingine?"

Kisu kilisimama. Lutengano alimtazama dada yake, na Sekela akajua kwamba hajawahi kuweza kumficha mdogo wake kitu, tangu utotoni.

"Zamu ni zamu, dada," alisema hatimaye. "Lakini usiniulize swali ambalo jibu lake umeshalificha mfukoni. Ukitaka kunipa, nipe. Usitake nikusaidie kubeba."

Sekela hakumpa. Alisema alikuwa anauliza tu, akaaga mapema, na njiani alijichukia kwa sababu mbili zinazopingana: kwamba aliuliza, na kwamba hakusema.

*

Jumatano alimwambia Kaduma kila kitu. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza habari ya tarakimu.

Dawa ni mbili, Sekela alimweleza. Ya kwanza ni mstari mmoja: badala ya hodi tatu za dakika tatu tatu, hodi moja ya sekunde kumi. Mjumbe atarudi kabla ya dakika kuisha, wakaguzi watafurahi, na kata za ukunguni hazitaonekana tena kamwe. Ya pili ni mistari arobaini: Mjumbe abishe milango yote sitini na miwili kwa pamoja, angoje mpaka wa mwisho aamke, na asipojibiwa arudi akisema hakujibiwa, si kwamba hakuna mtu. Hiyo ni dakika kumi na moja. Figo haitaharibika.

"Lakini si dakika moja," alisema Kaduma.

"Si dakika moja, Mkurugenzi."

Kaduma aliinuka akasimama dirishani. Chini kwenye ukumbi vyungu vya kioo vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila kimoja kitu kidogo chekundu kilikuwa kikikua bila kujua ni cha nani.

"Wakaguzi hawapimi waliokosekana," alisema bila kugeuka. "Wanapima muda. Tukiwaambia habari ya hao tisa, Bustani itafungwa mwaka mzima kwa uchunguzi, na humo ndani ya mwaka watakufa wengine wangapi? Hilo nalo lihesabu." Akageuka. "Halafu kuna ndugu yako. Mimi sijasema kitu. Najua tu kwamba Alhamisi jina ni la kwenu. Ungetaka kuweka ule mstari mmoja, hakuna ambaye angekuuliza."

Lililomuuma Sekela ni kwamba mtu huyu hakuwa anamdanganya. Hakuna ambaye angemuuliza. Angesifiwa. Barua ya nane ya Festo Mlowe ingejibiwa na karani mwingine, kisha barua zingekoma zenyewe. Damu ni nzito kuliko maji, na damu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kigoda ikibebesha miche.

Usiku hakulala, na hilo halina haja ya kusimuliwa.

*

Alhamisi saa mbili na robo asubuhi chungu namba thelathini na moja kiliwaka taa ya manjano. Imeiva. Mvunaji mkuu, binti mmoja mpole aitwaye Vumilia, alivaa glavu akasimama na kidondoshi cha damu mkononi akisubiri jina. Kaduma alikuwepo. Sekela alikuwa mezani na Wajumbe wawili mbele yake, wa mstari mmoja na wa mistari arobaini, wote wamekamilika.

Wale wanaosema kwamba mtu akifika njia panda moyo humwambia pa kwenda hawajawahi kufika. Moyo wa Sekela ulimwambia wazi kabisa aweke mstari mmoja. Alichokuwa nacho upande wa pili kilikuwa mke wa fundi baiskeli akiuliza nani amemaliza ugali. Aliweka ile mistari arobaini.

Dakika moja ikapita. Kaduma akatazama saa. Dakika tatu. Vijumba hamsini na saba vilikuwa vimeshajibu, na kwenye kioo cha Sekela jina la Lutengano lilisimama juu ya orodha peke yake. Dakika ya tano, bado lipo. Dakika ya nane Kaduma alisema kwa sauti ya chini kwamba Bi. Sekela bado anaweza kumkatisha Mjumbe safari, jina si lipo? Vumilia alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, asielewe.

Sekela alikalia mikono yake. Aliikalia kweli, chini ya mapaja, kama alivyofanya utotoni mama alipopita na chungu cha nyama.

Dakika ya kumi na sekunde hamsini ukungu uliamka. Majina matano yaliingia kwa mpigo, na la Lutengano likashuka mpaka nafasi ya sita.

"Festo Mlowe," Vumilia alisoma, akaenda kwenye friji, akarudi na kichupa kilichokuwa kimekaa humo miezi kumi na moja. Akadondosha tone. Figo ilitetemeka kidogo kisha ikatulia.

Kaduma alitoka. Sekela naye, kabla ujasiri haujamwisha, alituma orodha ya majina kumi na manne kwa mabaraza ya zile kata tano na kwa wakaguzi, akaandika chini yake kosa lilikuwa nini na jina lake kamili. Hakuandika kwamba wakati ule alikuwa kijana. Halafu akachukua simu.

"Shikamoo, mzee Mlowe."

"Marahaba. Nani?"

Alimweleza. Alimweleza yote, hodi na ukungu na maneno mawili yaliyorudi. Upande wa pili lilisikika gurudumu la baiskeli likizunguka lenyewe mpaka likasimama.

"Kwa hiyo leo nipo," alisema mzee.

"Upo, mzee. Figo inakungoja siku tatu."

"Na Tulizo Mgaya, je? Naye leo yupo?"

Sekela alitaka kusema samahani, neno likawa dogo mno, akaliacha.

"Hapana, mzee."

"Nitakuja," alisema Festo Mlowe. "Nitakuja kwa sababu mke wangu anataka nije. Wewe usinipokee." Akakata.

Simu ya pili ilikuwa kwa Lutengano. Huyo naye alimweleza yote, kwa maneno yaleyale, na mdogo wake hakumkatiza hata mara moja. Aliuliza tu ni watu wangapi mbele yake. Akaambiwa. Akasema asante dada kwa kuniambia, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani.

*

Jumamosi asubuhi Sekela alikwenda na kapu la ndizi na unga wa ulezi. Oresta alikuwa uani akifua, na kwenye kamba yalianikwa yale mashuka yaliyopigwa pasi kwa ajili ya hospitali, sasa yamefuliwa kuwa ya kitanda cha nyumbani. Hakumwita wifi. Alielekeza kidevu kwenye mlango wa chumba cha pembeni, akainamia tena beseni.

Mlango ulikuwa umefungwa. Chini yake, kupitia uwazi, zilionekana kandambili zimewekwa ubavuni mwa kitanda, na juu yake miguu iliyovimba ikining'inia bila kusogea.

"Hodi," alisema Sekela.

Alingoja. Jogoo wa jirani aliwika akamaliza.

"Hodi, Lute."

Nyuma yake Oresta aliacha kufua ili asikilize.

"Hodi."

Zilikuwa tatu. Mama yao angekuwa hai angemshika mkono amwondoe, kwamba wenyewe hawataki wageni, twende. Sekela alisimama palepale na kapu lake, akahisi aibu ya kikweli, ile ya utotoni, ikimpanda shingoni. Kisha akabisha mara ya nne.

Kitanda kililia kidogo. Sauti ya mdogo wake ilitoka ndani, haina hasira, imechoka tu.

"Hakuna mtu."

Sekela aliweka kapu chini, akaketi kizingitini, akangoja.